Reli ya Tanga na Nyumba za Usharika Wetu

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika wetu, wengine wameandika juu ya wachungaji, majengo na kwaya. Mimi nimeombwa kuandika juu ya safari, na kwa watu wa Kilimanjaro wa rika langu, safari ilikuwa ni gari moshi.

Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule ambao wamisionari wa Leipzig walifika Machame kwa miguu. Reli haikuwa na haraka kama wao. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na ilipoingia Moshi mwaka 1911 ilikuwa imekwenda kilomita 352. Haikupanda mlimani. Ilikomea tambarare, na serikali ikateremka kuifuata. Mji uliozaliwa penye stesheni ukajitwalia jina la Moshi, na Moshi yenyewe kule juu ikabaki kuitwa Old Moshi, jambo ambalo wazee wa huko hawajalisamehe kabisa.

Tuseme kweli: reli ile haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa ili mazao ya walowezi yafike bandarini, na waliobeba mataruma na kuvunja mawe walikuwa Waafrika ambao majina yao hatunayo. Hata hivyo Kanisa liliitumia. Chuo cha theolojia kilipokuwa Lwandai, tangu 1947 hadi kilipohamia Makumira mwaka 1954, mwanafunzi aliyetoka huku kwetu alishuka Mombo, kisha akaanza kupanda milima ya Usambara kuelekea Lushoto na Mlalo.

Lakini waliopanda treni kwa wingi hawakuwa wanafunzi wa uchungaji. Walikuwa vijana ambao kihamba kimewapungukia, wakaenda kutafuta kazi bandarini Tanga na katika mashamba ya katani. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Aliondoka bila baraka za babu, baada ya maneno makali juu ya mpaka wa migomba, na kwa miaka minne hawakuandikiana hata barua. Babu alikuwa mzee wa kanisa. Katika miaka hiyo hakukaribia Meza ya Bwana. Alikaa kitini pake wenzake wakienda mbele, na usharika mzima uliona.

Mwaka 1968 alimwita mama akampa jani la isale. Msomaji asiyetoka mlimani na ajue kwamba isale ni jani la kuombea msamaha, na aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Kwa desturi mdogo humpelekea mkubwa. Mama alilifunga katika kitambaa pamoja na Biblia yake, tukateremka stesheni tukiwa na ndizi za kuchoma na tiketi za daraja la tatu.

Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka Kahe, na watu waliotokea upande wa Voi wakiingia na mizigo yao. Nakumbuka milima ya Upare ikiwa mkono wa kushoto hadi giza lilipoifunika, na majina ambayo mama alinisomea moja moja: Lembeni, Same, Makanya, Hedaru. Behewani watu walianza kuimba tenzi. Walioimba walikuwa Wachagga, Wapare na Wasambaa, kila mmoja kwa lugha yake, kwa sauti zile zile. Nililala. Nilipoamka tulikuwa Muheza, na machungwa yalikuwa yakipitishwa madirishani.

Jani lilikuwa limenyauka. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akakaa kitandani, hakusema neno. Mama alitoka nje akaanza kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Desemba ile baba alirudi nasi. Babu alikuwa amesimama stesheni ya Moshi tangu alfajiri, amevaa koti lake la ibada. Jumapili iliyofuata walikwenda mezani pamoja.

Tangu 1963, reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilipofunguliwa, tuliweza kufika hata Dar es Salaam, na treni za Krismasi zikawa kama usharika unaotembea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa, na njia ya Voi ikawa kimya. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria nayo ikakoma. Mabasi yalikuwa ya kasi zaidi, ila ndani ya basi hakuna mahali pa kuimba, na mwenye watoto wengi hakuweza kuwalipia nauli wote. Zipo familia ambazo ziliacha kuja mlimani katika miaka ile.

Treni ya abiria ilipoingia tena Moshi Desemba 2019, baba alikuwa amekwisha pumzika, karibu na babu, upande ule wa mpaka waliougombania. Mama aliomba apelekwe stesheni. Alikaa garini, dirisha likiwa wazi, hadi behewa la mwisho lilipomaliza kushusha watu.