Nachingwea na Ukimya wa Mwandishi wa Vita

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa risasi za Chai, Cabo Delgado, vikamalizwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba 1974. Kwa miaka hiyo 10, msomaji wa London aliyefuatilia habari zake alizoea kuziona zikitumwa kutoka Dar es Salaam. Jina la Nachingwea alikutana nalo kwa nadra. Ruangwa, ambayo wakati ule haikuwa hata wilaya, sidhani kama aliwahi kuisoma. Hata hivyo, sehemu kubwa ya askari wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilipikwa hapa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kaskazini ya mto Ruvuma, katika shamba ambalo Waingereza walilifyeka kwa ajili ya karanga.

Shamba hilo lina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea kuwa vituo vya mradi mkubwa wa karanga. Matingatinga yaling'oa miti, mashamba yakapewa namba, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mradi ulisitishwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli ikafungwa mwaka 1962. Kilichobaki ni ardhi iliyokwisha kusafishwa, majengo machache, na namba. Ndiyo maana kambi iliyofunguliwa mwaka 1965, ambayo Samora Machel, kamanda wa FRELIMO, aliiongoza na kuipa sura yake, iliitwa Farm 17 na haikuchukua jina la kijiji chochote cha Wamwera waliokuwa wakiishi kuizunguka. Jina hilo linastahili kutafakariwa, kwa sababu namba ya mkoloni ndiyo iliyoingia kwenye historia ya ukombozi, na majina ya wenyeji yakabaki nje.

Hoja yangu inahusu kazi ya waandishi wa kigeni waliovifuatilia vita hivi. Nadai kwamba ukimya wao kuhusu Nachingwea ulikuwa wa haki wakati vita vikiendelea, lakini uligeuka kuwa mazoea, na mazoea hayo hayakujua siku ya kukoma.

Tuanze na sifa zao, kwa maana ni za kweli. Kulikuwa na wageni wa safari moja au mbili, nao hawakuwa watu wa kubezwa. Basil Davidson alivuka mpaka mwaka 1968 na kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Pili wa FRELIMO uliofanyika Niassa, ndani ya Msumbiji yenyewe. Robert Van Lierop, mwanasheria Mmarekani mweusi, aliingia maeneo yaliyokombolewa na kamera, akatoka na filamu ya A Luta Continua ya mwaka 1972. Lakini vita virefu humhitaji mtu wa kukaa. David Martin, Mwingereza, aliishi Dar es Salaam kuanzia 1964 hadi 1974, akiandikia magazeti ya hapa na baadaye The Observer. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alipouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, tarehe 3 Februari 1969, waandishi wengi waliripoti mauaji, wakanukuu minong'ono, wakaendelea na mambo mengine. Martin hakuiachia. Mwaka 1972, miaka 3 baada ya maziko, alichapisha habari ya uchunguzi uliofuatilia vifaa vya bomu lile hadi Lourenço Marques, makao makuu ya utawala wa Wareno. Habari ya namna hiyo haiandikwi na mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao mwisho wa wiki. Huandikwa na mtu anayewajua polisi kwa majina, anayejua nani hasemi na nani, na ambaye kesho atakutana tena mtaani na wale aliowaandika leo.

Iain Christie, Mskoti, alikaa zaidi ya hapo. Alifanya kazi ya magazeti Dar es Salaam, akahamia Msumbiji baada ya uhuru, akafanya kazi katika redio ya taifa huko, na mwaka 1988 akatoa kitabu cha maisha ya Samora Machel. Yeye na Martin walifanya kazi katika mji ambao wanahabari wake Waafrika hawakuwa watazamaji. Benjamin Mkapa, mhariri wa The Nationalist na kisha wa Daily News, alizaliwa Lupaso, Masasi, jirani kabisa na Nachingwea. Hashim Mbita, aliyeongoza Kamati ya Ukombozi ya OAU kuanzia 1972, naye alitokea kwenye uandishi wa habari. Watu hawa walijua Farm 17 ni nini na iko wapi. Walichagua kutoipigia kelele.

Na walifanya vyema. Ndege za Wareno zilikuwa na uwezo wa kuvuka Ruvuma, na vijiji vya mpakani upande wa Tanzania vilionja mabomu na mabomu ya ardhini. Kuelezea gazetini kambi imekaa wapi, barabara gani inaingia, na askari wangapi wanalala humo, kungekuwa kumwonyesha rubani njia. Anayedai leo kwamba mwandishi ana wajibu wa kusema kila anachokijua hajawahi kufikiria vijana wa kike wa kikosi kilichoanza mafunzo Nachingwea mwaka 1967, Josina Machel akiwa mmoja wao, wakiwa wamelala kwenye mabanda ambayo ramani yake imechapishwa Ulaya. Kutunza siri ile kulikuwa sehemu ya maadili ya kazi.

Tatizo liko kwenye lango. Mwandishi aliyetaka kuvuka kwenda Cabo Delgado alipitia kwanza ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam, kwenye idara ya habari chini ya Jorge Rebelo. Alipangiwa njia, mwenyeji na mkalimani. Aliona alichoonyeshwa, na mara nyingi alichoonyeshwa kilikuwa kweli: shule chini ya miti, zahanati, mashamba ya ushirika. Wiriyamu inatufundisha jambo hapa. Mauaji ya kijiji hicho cha Tete yalitokea tarehe 16 Desemba 1972, nayo yalifika kwenye The Times tarehe 10 Julai 1973 kupitia padri Adrian Hastings, aliyepata taarifa za mapadri wa Kihispania walioishi na watu wale. Waliokuwa hawana lango la kupitia ndio waliokuwa na habari. Walilala kijijini, walijua lugha, walizika.

Kisha likaja jambo la mwaka 1975, nalo ndilo linaloniuma. Vita vilikuwa vimekwisha. Hakukuwa na rubani wa kuogopwa. Kabla ya bendera kupandishwa tarehe 25 Juni, wapinzani wa FRELIMO walikusanywa Nachingwea. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama hicho, alilazimishwa kusoma ungamo refu mbele ya umati. Baadaye yeye na wenzake, wakiwamo Joana Simeão na Lázaro Nkavandame, waliuawa Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Wapo watakaosema kwamba Simango alikuwa na makosa yake, na kweli alikuwa nayo. Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno mwaka 1969, hilo halina ubishi. Lakini hukumu bila mahakama si jambo la kuamuliwa na ubaya wa mshitakiwa. Hapa kambi iliyolindwa na ukimya wa haki ilitumika kufanya jambo lililohitaji kupigiwa kelele, na waandishi waliokuwa marafiki wa harakati, watu wenye vipawa na ujasiri, hawakulipa uzito wake kwa miaka mingi. Siwaiti waongo. Nasema walizoea kulinda mahali, na mazoea yakaendelea kulinda hata pale ambapo hapakuwa na maisha ya kuokoa.

Ukimya huohuo uliwameza wenyeji, ingawa kwa njia ya upole zaidi. Katika ripoti za vita, kusini mwa Tanzania ni njia ya kupita: lori linaondoka Dar es Salaam, aya inayofuata mwandishi yuko msituni Msumbiji. Katikati ya aya hizo mbili kuna Nachingwea nzima na Ruangwa nzima. Kuna wakulima wa mihogo, ufuta na korosho waliopata jirani wa maelfu ya askari, waliojifunza kutouliza, na ambao Kiswahili chao kilifahamika vyema na vijana wa Kimakonde kutoka ng'ambo ya mto. Walimlisha nani, kwa bei gani, nani alioa wapi, nani alizika mgeni kwenye makaburi ya ukoo wake: hayo mwandishi wa The Observer hakuyauliza, maana mhariri wake asingeyataka. Mhariri wa Dar es Salaam naye hakuyataka, kwa sababu za usalama, na baadaye kwa sababu hakuna aliyekumbusha.

Juzuu 9 za Mradi wa Hashim Mbita, zilizotolewa mwaka 2014, zilianza kuziba pengo kwa kukusanya simulizi za washiriki wa ukombozi katika nchi za SADC. Ni kazi kubwa. Lakini mizani yake, kama ilivyotarajiwa, inaelemea kwa viongozi na wapiganaji. Bado tunahitaji mtu wa kukaa: mwanafunzi wa historia au wa uandishi wa habari atakayepanga chumba Nachingwea mjini kwa msimu mzima wa korosho, aende Ruangwa kwa pikipiki, aketi na wazee bila barua ya chama chochote, na aanze na swali dogo la jina. Kabla ya matingatinga, kabla ya namba 17, ardhi ile wenyewe waliiitaje? Aliyekuwa na miaka 10 kambi ilipofunguliwa alizaliwa mwaka 1955, na wanaoweza kujibu swali hilo kwa kusimuliwa na wazazi wao wanapungua kila masika.