Mkondo, Msongo na Umeme "Uliopozwa"

Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilipata umeme kutoka majenereta ya dizeli, kila mji na kituo chake. Mwezi Oktoba 2022 miji hiyo iliunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia kituo cha Nyakanazi. Habari za tukio hilo zilieleza zaidi akiba ya mafuta. Sisi twalitazama kwa upande wa lugha, kwani tangu hapo maneno kadhaa yaliyokuwa yakibadilishana nafasi bila madhara yanadai kila moja maana yake.

Penye kituo kimoja na mji mmoja, kuujua mkondo si kazi kubwa. Fundi husoma ampea kwenye mita, basi. Aseme "umeme", "nguvu" au "moto", mwenzake atamwelewa. Katika gridi mambo ni mengine. Mashine za kusaga ziwashwapo Kibondo, hali ya umeme wa Kasulu, mji ulio mbele zaidi kutoka Nyakanazi, nayo huguswa. Hapana mita moja iwezayo kuonyesha yote hayo. Sharti mtandao mzima ukokotolewe kwa pamoja.

Kanuni zenyewe ni za zamani. Ohm alitoa yake mwaka 1827, na mwaka 1845 Kirchhoff akaonyesha kwamba jumla ya mikondo iingiayo katika kiungo ni sawa na jumla ya itokayo. Tatizo lilikuwa wingi wa viungo. Mwaka 1929 chuo cha MIT na kampuni ya General Electric, huko Marekani, walijenga mtambo uliokuwa mfano mdogo wa gridi, wahandisi wakawa wanasoma mita zake badala ya kufanya hesabu ndefu. Mwaka 1956 Ward na Hale walichapisha njia ya kukokotoa kwa kompyuta. Mwaka 1967 Tinney na Hart wakaitumia njia ya Newton, ambayo ndiyo iliyotawala baadaye. Programu za uigaji wa gridi hukisia msongo wa kila kiungo, hulinganisha kisio hilo na nguvu inayotakiwa, hurekebisha, kisha hurudia mpaka tofauti iwe ndogo mno. Mkondo wa kila njia hupatikana mwishoni, kutokana na misongo hiyo.

Hapa ndipo mfasiri hujikwaa. Kisambazwacho katika hesabu hiyo ni nguvu, na twapendelea kuuita mwendo wake "mtiririko wa nguvu", ili "mkondo" ubaki kwa kile kipimwacho kwa ampea. Tofauti hii si ya madoido. Nguvu ya kilowati 2,000 katika njia ya fezi tatu yenye msongo wa kilovolti 33, mkondo na msongo vikienda sambamba, yahitaji mkondo wa ampea 35 hivi. Nguvu ile ile kwa kilovolti 11 yahitaji ampea 105. Mtiririko ni ule ule, mkondo umekuwa mara tatu, na upotevu katika waya ule ule umekuwa mara tisa. Mwenye kuviita vyote viwili "mkondo" hawezi kuieleza sentensi hiyo kwa wanafunzi wake.

Laiti tatizo lingeishia hapo. Redio na magazeti yetu husema "kituo cha kupoza umeme", na hatuna nia ya kulipiga vita neno hilo. Mtu aliyepoza uji kabla ya kumpa mtoto huelewa mara moja kwamba kitu kikali kimefanywa kitumike. Lakini kinachoshushwa kituoni ni msongo peke yake. Kutoka kilovolti 220 hadi 33, kwa nguvu ile ile, mkondo hupanda zaidi ya mara sita. Katika habari, basi, kituo na kiendelee kupoza. Katika vitabu vya shule, zabuni na miongozo ya programu, twapendekeza "kushusha msongo" na "kupandisha msongo". Karani asomaye zabuni kwamba umeme umepozwa aweza kuamini kuwa waya mwembamba zaidi utatosha upande wa pili, ilhali ni upande huo hasa unaotaka waya mnene.