Redio Iliyoishia 90

Mtu aliyewahi kumiliki gari lililotumika kutoka Japani anamjua yule mwanamke. Ukizungusha ufunguo tu, anazungumza Kijapani kwa adabu zote, akikuarifu kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani bila gari kusimama, ulioanza kutumika nchi nzima huko mwaka 2001. Kati ya Tunduma na Malaba hakuna kadi hiyo wala mtambo wa kuisoma, na madereva wengi wamemzoea, wakamwacha aseme. Yeye hakumkera mtu sana. Kilichokera ni redio.

Japani ilitenga masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90. Sehemu ya juu, kuanzia 90 hadi 108, ilikuwa imepewa runinga, chaneli ya kwanza hadi ya tatu. Afrika Mashariki ilifuata utaratibu wa Ulaya: 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo Corolla ikishuka melini Mombasa au Dar es Salaam, ikiwa na spika nne nzima na redio ambayo bado inang'aa, dereva alizungusha kitufe kikafika 90 na kurudi 76. Capital FM ya Nairobi iko 98.4. Kiss iko 100.3. Kwa gari hilo stesheni hizo hazikuwepo duniani. Runinga ya analojia ilizimwa katika sehemu kubwa ya Japani Julai 2011, na mwisho wa mwaka 2014 redio za huko zikaanza kusogea hadi 95. Nafuu hiyo haikulifikia gari lililoundwa mwaka 1999, na 95 yenyewe bado haifiki 98.4.

Mafundi walikuwa na dawa yao, ekspanda: kijisanduku kinachofungwa kati ya antena na redio, kinachoshusha masafa yote kwa kiasi kimoja. Kikishusha kwa 14, stesheni ya 98.4 unaikuta 84.4. Kwenye karatasi ni hesabu safi. Barabarani, stesheni zilipandiana, nyingine zikaja na mchakacho, na abiria akiuliza hii ni redio gani dereva alilazimika kujumlisha kichwani kabla ya kumjibu.

Chini ya redio hiyo yenye usikivu mdogo palikuwa na midomo mingine. Kwenye magari ya miaka ya 1990 aghalabu ilikuwa kaseti na CD pamoja. Mengine yalikuja na mdomo wa MD, yaani MiniDisc, diski ndogo ndani ya kasha la plastiki ambayo Sony iliitoa mwaka 1992 na Wajapani wakaipenda kuliko taifa lolote. Huku kwetu, kumpata mtu anayeuza MD tupu ilikuwa kazi, sembuse mashine ya kurekodia. Mdomo ule ulikaa na vumbi lake. Kaseti nazo zilikuwa zinaondoka sokoni. Ikabaki CD, na kwa kuwa CD halisi ya dukani haikuwa ya kila mfuko, ikabaki CD ya kuchoma.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. CD ileile inaimba vizuri kwenye kompyuta ya duka, inaimba kwenye deki ya nyumbani, ukiitia kwenye gari inazunguka, inanguruma kidogo, kisha inatemwa. Mteja anarudi akiwa amekasirika. Mchomaji anaapa kwamba CD ni nzima. Fundi wa redio, akiitwa, anatoa hukumu: lenzi imechoka. Nadhani hukumu hiyo ilitolewa mara nyingi mno. Redio zile hazikuwa zinachoka zote kwa wakati mmoja. Zilikuwa zinafuata masharti yaliyoandikwa kabla CD ya kuchoma haijakuwepo.

Masharti hayo Philips na Sony waliyakamilisha mwaka 1980, katika waraka unaojulikana kwa rangi ya jalada lake kama Kitabu Chekundu. CD za kwanza ziliuzwa Japani Oktoba 1982, na kufikia mwaka 1984 Sony na Pioneer walikuwa tayari na mashine za kutia kwenye dashibodi. Kitabu kilieleza kila kitu: upana wa milimita 120, unene wa 1.2, sauti inayopimwa mara 44,100 kwa sekunde, na leza ya miali isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780. Kikasema pia kwamba diski irudishe walau asilimia 70 ya mwanga unaoipiga. Kwa diski ya kiwandani hilo si jambo gumu. Ni plastiki iliyogandamizwa vishimo vidogo mno na kupakwa alumini. Mwanga ukiangukia sehemu bapa unarudi kwa wingi, ukiangukia kishimo unarudi hafifu, na mashine inasoma tofauti ya hayo mawili.

CD ya kuchoma haina vishimo. Kampuni ya Kijapani ya Taiyo Yuden ndiyo iliyofanikiwa kuitengeneza mwaka 1988, kwa kuweka tabaka la rangi ya kikemikali kati ya plastiki na madini yanayoakisi. Leza yenye nguvu inaiunguza rangi hiyo, na palipoungua panapitisha mwanga vibaya. Mashine ya kusomea inadhani imeona kishimo. Ujanja huu naustahi sana, kwa sababu ulilenga mashine ambazo zilishauzwa na haziwezi kubadilishwa. Lakini rangi inakula mwanga hata pale isipounguzwa. Kiwango cha CD ya kuchoma kikawekwa asilimia 65, na hiyo ni diski nzuri, mpya, kwenye leza nzima.

Asilimia tano hizo zinaonekana ndogo mpaka ukumbuke mashine iko wapi. Ya nyumbani imekaa kabatini. Ya gari imekaa nyuma ya injini, chini ya kioo kinachopigwa na jua la saa saba, ikila vumbi la barabara ya changarawe na kurushwa kwenye kila tuta. Waliobuni CD walitarajia makosa, na wakaweka humo hisabati ambayo Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, waliichapisha mwaka 1960. Kwa hisabati hiyo mashine inaweza kujaza yenyewe pengo la biti kama 4,000 mfululizo, sawa na mkwaruzo wa milimita 2.5 hivi kwenye njia ya diski, bila msikilizaji kugutuka. Diski ya kiwandani inaingia barabarani na akiba hiyo yote. Diski iliyochomwa vibaya inakuwa imeshaimaliza kabla gari halijatoka getini, na tuta la kwanza linaikuta haina kitu.

Bei ndiyo iliyoiweka diski hiyo mbali na watu wa kawaida kwa miaka mingi. Mashine za mwanzo za kuchomea zilikuwa za studio na makampuni. Mwaka 1995 Hewlett-Packard walitoa moja kwa dola 995, ya kwanza kushuka chini ya elfu, na baada ya hapo bei iliporomoka. Miaka michache ndani ya karne hii, karibu kila kompyuta iliyouzwa ilikuwa na uwezo huo. Vibanda vya Kariakoo na River Road, intaneti kafe, hata maduka ya steshenari yanayotoa kopi za vyeti, vilikuwa na mnara wa CD tupu mezani na kompyuta iliyojaa nyimbo. Taarabu, Bongo Fleva, Franco, nyimbo za injili, miksi za madijei kwa ajili ya matatu na daladala: unataja, inachomwa. Wasanii hawakupata chochote katika biashara hiyo, na sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001, hazikuizuia isitande. Hiyo ni makala nyingine, tena ndefu.

Foleni ya wateja ndiyo iliyoharibu diski nyingi. Kuchoma kwa mwendo wa kawaida, mwendo wa muziki wenyewe, diski ya dakika 80 inakula dakika 80. Kwa mwendo wa mara 52 inakwisha katika dakika chache tu. Mchomaji mwenye watu sita mlangoni hakuhitaji kuulizwa atachagua upi. Kwa mwendo huo alama zinakosa kingo safi, zinarefuka au kufupika kidogo, na mashine ya mwaka 1998 inababaika. Lakini wale walioshauri kuchoma taratibu kadiri inavyowezekana nao hawakuwa sahihi wote. Diski za baadaye zilitiwa rangi iliyopangwa kwa ajili ya mwendo mkubwa, na ukiichoma mara moja au mbili tu unaiunguza kupita kiasi. Mara nane mpaka kumi na sita ndipo penye salama.

Kisha kuna kuifunga diski. Mteja anachomewa nyimbo kumi leo, nafasi inaachwa wazi ili arudi mwisho wa mwezi aongezewe nyingine. Kompyuta haina shida na hilo. Redio ya gari, kabla ya kucheza chochote, inakwenda katikati ya diski kutafuta orodha ya yaliyomo, na orodha hiyo haiandikwi mpaka diski ifungwe. Isipoiona, kwake hakuna diski. Ikifungwa na kuongezewa awamu ya pili, redio nyingi za zamani zinasoma awamu ya kwanza na kuishia hapo, kisha mteja anadai ameibiwa nyimbo.

Diski za kufutika zilikuwa balaa zaidi. Zilikuja mwaka 1997, zikapendwa na watu wenye hesabu kali kwa sababu unaweza kuzitumia tena na tena. Ndani yake hamna rangi bali mchanganyiko wa madini unaobadilika umbo kwa joto, na unarudisha asilimia 15 mpaka 25 tu ya mwanga. Redio ya kabla ya mwaka huo haikuundwa kukuza ishara hafifu kiasi hicho. Hakuna usafishaji wa lenzi utakaoisaidia.

Na bado sijagusa MP3, ambayo naamini ndiyo iliyorudisha CD nyingi madukani kuliko sababu nyingine zote. Teknolojia hiyo ilitoka hasa katika taasisi ya Fraunhofer ya Erlangen, Ujerumani, na jina lake likachaguliwa Julai 1995. Diski ya megabaiti 700, inayobeba nyimbo kama 20 za kawaida, ilianza kubeba zaidi ya 150. Nani angekataa? Ila hiyo si CD ya muziki tena. Ni CD ya mafaili, na redio isiyo na maandishi ya MP3 usoni haijui faili ni nini. Nyingi ziliandika kosa kwenye kioo na kuitema. Baadhi ya mashine za zamani kabisa zilijaribu kuyacheza mafaili hayo kama sauti, ukatoka mlio mkali wa kuharibu spika. Redio za gari zenye kusoma CD za MP3 zilianza kuonekana madukani karibu na mwaka 2000, maana yake magari mengi yaliyofika hapa katika muongo uliofuata yalikuwa yametoka kiwandani kabla ya hapo. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane kuingia, na wanunuzi wengi walichukua lililo karibu na kikomo, kwa kuwa ndilo la bei nafuu. Gari lilikuja likiwa nyuma ya muziki kwa takriban muda huohuo.

Fundi aliyeitwa kutibu yote haya alikuwa na bisibisi ndogo. Kwenye kichwa cha leza kuna skrubu ya kurekebisha umeme unaoingia, nayo ikizungushwa kidogo leza inawaka kwa nguvu zaidi. Diski iliyokataa inakubali palepale, mteja analipa na kuondoka akiimba. Leza inayosukumwa hivyo haidumu. Baada ya muda inakufa kabisa, na safari hii inakataa hata diski ya kiwandani. Fundi mwenye kutaka jina zuri alianza na pamba na spiriti, akaifuta lenzi, na mara nyingi hakuhitaji kwenda mbali zaidi.

Kilichoiondoa CD kwenye dashibodi zetu kilipitia, ajabu, kwenye redio ileile. Ni kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kinachosoma flashi na kurusha nyimbo kwa FM umbali wa mita chache. Masafa yake yanaanza 87.5, ya redio ya Japani yanaishia 90, kwa hiyo kulikuwa na ukanda mwembamba wa kukutania, na madereva wakaupata. Vibanda vya kuchoma vikabadilisha bango: tunarusha nyimbo kwenye simu na flashi. Baadaye zikaja redio za skrini kubwa kutoka China, zenye Bluetooth na FM mpaka 108, nyingi bila mdomo wa diski kabisa.

Wapo ambao hawajaitoa ile ya zamani, na sababu wanazo: inakaa sawa kwenye dashibodi, spika zinaisikiliza vizuri, wezi hawaitamani. Kwao diski inayofaa ni ya kuchomwa mara moja, si ya kufutika, na kwenye programu ichaguliwe CD ya sauti, si ya data. Kama ni miksi ya dijei, ichomwe yote kwa mkupuo mmoja, vinginevyo kila mwisho wa wimbo utapata sekunde mbili za ukimya. Ifungwe mwishoni. Jina liandikwe kwa kalamu laini ya wino, wala isibandikwe stika: gundi inalainika kwa joto la mchana, karatasi inachanika ndani ya mdomo, na kuitoa itabidi redio nzima ishushwe.