Timazi na Mlio wa Saa Moja

Mama alipohamia kwangu Nairobi kutoka Mji wa Kale, Mombasa, alikuja na saa ya ukutani ya marehemu babu. Macho yake yamepungua nuru. Hawezi tena kuziona akrabu, lakini huhesabu mlio. Saa hiyo babu aliipanga kwa hesabu yetu ya Kiswahili: saa nyingine zikionyesha 7 asubuhi, yake hupiga mara moja, kwa kuwa ni saa moja. Jua likikaribia kuzama hupiga mara kumi na mbili, na mama hunyanyuka kutawadha.

Tuliitundika sebuleni, nikaisukuma timazi, ikatembea robo saa, ikanyamaza. Nikaisukuma tena, ikanyamaza tena. Fundi niliyemwita alishauri tuitoe mashine yote na kuweka ya betri. Alisema itakuwa sahihi zaidi, na sikuweza kumpinga. Lakini mashine aliyonionyesha haikuwa na kengele. Mama angebaki na saa ukutani asiyoweza kuisoma wala kuisikia. Nikaomba muda nifikiri, na katika kufikiri huko nikaanza kuisoma historia ya timazi yenyewe.

Tuanze na neno. Timazi ni kwanza chombo cha mwashi: uzi wenye kitu kizito mwishoni, ambao ukitulia huonyesha kama ukuta umesimama wima. Jina hilo hilo tumelipa pia kile kinachoning'inia na kuyumba ndani ya saa. Timazi ya mwashi hufanya kazi ikiwa imetulia, na ya saa hufanya kazi ikiwa inayumba; lakini zote mbili hutii jambo moja, yaani mvuto wa ardhi mahali zilipo. Naona waliolihamisha neno hilo kutoka ukutani hadi ndani ya saa walikuwa na jicho zuri.

Huko Italia, Galileo Galilei alitambua kwamba kitu kinachoning'inia, kikiyumba kidogo, huchukua takriban muda ule ule kwenda na kurudi, hata upana wa myumbo wake ukipungua. Mwishoni mwa maisha yake, akiwa amekwisha kuwa kipofu, alibuni saa ya kutumia kanuni hiyo, lakini alifariki mwaka 1642 kabla haijakamilika. Aliyeifikisha kazi hiyo mwisho ni Mholanzi Christiaan Huygens, mwaka 1656. Saa za mashine za kabla yake ziliweza kukosea robo saa kwa siku; za timazi zilishuka hadi kukosea sekunde chache tu. Hapo ndipo akrabu ya dakika ilipoanza kuwa na maana katika saa za nyumbani. Na maneno haya yana yake ya kusema: akrabu kwa Kiarabu ni nge, na dakika imetokana na neno lenye maana ya kitu chembamba. Kwa hiyo ni nge anayeonyesha wembamba wa wakati, na kabla ya timazi hakuwa na uhakika wa kuuonyesha.

Kisha likatokea jambo linalotuhusu sisi tunaoishi karibu na ikweta. Mwaka 1672 mtaalamu wa nyota Jean Richer alifika Cayenne, Amerika ya Kusini, kutoka Paris. Alikuta kwamba saa ya timazi iliyorekebishwa Paris ilichelewa huko kama dakika mbili na nusu kila siku. Ili iende sawa, ilibidi timazi ya urefu wa karibu mita moja ifupishwe kwa takriban milimita 3. Wako waliomshuku mpimaji, na wako waliolilaumu joto, kwa kuwa chuma hurefuka kikipata moto. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alionyesha kwamba joto peke yake halitoshi. Dunia si mviringo kamili. Imetuna kwenye ikweta, tena inazunguka, na kwa sababu hizo mbili mvuto wake hapo ni hafifu kidogo. Saa ya Richer ilikuwa inapima umbo la dunia.

Cayenne iko karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Mombasa ni nyuzi 4 kusini. Kwa hesabu ile ile, saa iliyorekebishwa London na kushushwa bandarini Mombasa itachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku mpaka timazi yake ifupishwe. Ya babu ilikwisha kuzoezwa pwani. Nairobi nako kuna mengine: mji uko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mvuto ni hafifu zaidi. Baridi ya huku hufupisha ufito wa chuma na kuiharakisha saa kidogo, lakini haifidii yote. Nilipopiga hesabu nilitarajia ichelewe kama sekunde 20 kwa siku.

Lakini kuchelewa si kusimama. Sababu ya kusimama aliigundua mama. Nilikuwa nimeisukuma timazi kwa mara ya kumi pengine, naye ameketi kimya. Akasema, "Mwanangu, hiyo inachechemea."

Nikasikiliza. Kweli, haikuwa tik, tak, tik, tak kwa nafasi zilizo sawa. Ilikuwa tik-tak, kisha kimya, tik-tak, kisha kimya. Ndani ya saa kuna kipande chenye umbo la nanga kinacholizuia na kuliachia gurudumu jino baada ya jino, na kila kuachia hutoa mlio mmoja. Saa ikitundikwa kwa mshazari, nanga huachia mapema upande mmoja na kuchelewa upande wa pili, timazi hukosa msukumo wa kutosha, na mwisho husimama. Nilikuwa nimetumia pimamaji juu ya kabati la mbao, nikaridhika. Kabati lilikuwa sawa. Mashine iliyomo ndani haikuwa. Katika jambo hili sikio hulishinda pimamaji.

Nikaushika upande wa chini wa kabati, nikausogeza kidogo kidogo kushoto. Mama akawa anasema, "Bado. Bado. Umepita. Rudi. Hapo." Nikaweka alama ya penseli ukutani. Saa haijasimama tena.

Siku nane zilizofuata zilinifunza mengine. Niligeuza nati iliyo chini ya bamba la shaba ili kulipandisha, maana timazi fupi huenda mbio, nikasubiri siku nzima kabla ya kuigusa tena. Timazi ya saa hii ina urefu wa sentimita 25 hivi, na milimita moja tu hubadili karibu dakika tatu kwa siku. Sekunde 20 ni kiasi kidogo sana cha nati. Akrabu sizirudishi nyuma. Huzipeleka mbele, nikisubiri kila mlio umalizike, ili kengele na akrabu zisipotezane. Ufunguo huutia siku moja ile ile kila wiki, mpaka kamani ijae. Haiharibiki kwa kujaa, kama wengi wanavyodhani. Saa iliyojaa na isiyotembea mara nyingi imezibwa na mafuta makavu na vumbi. Hilo nalijua kwa aibu: nilipokuwa kijana niliitilia mafuta ya nazi, yakagandamana na vumbi, na babu akailipia kusafishwa. Mafuta ya saa ni tone dogo kwenye ncha za mihimili, wala si kwenye meno ya magurudumu. Na kamani iliyojaa asiifungue asiyeijua, kwa maana huweza kumkata vidole.

Fundi nilimshukuru na kumlipa nauli yake. Alikuwa sahihi kuhusu betri: mashine yake haijali mshazari, wala haijali kama iko Paris, Mombasa au Nairobi. Ya babu hujali, na kila ihamapo yabidi isikilizwe upya. Mama naye alikuwa na wiki ya tatu katika mji asioujua na asioweza kuuona. Asubuhi ya pili baada ya kuiweka sawa, saa ikapiga mara moja. Nikamsikia chumbani akisema peke yake, "Saa moja," kisha akaniita nimletee chai.