Lugha ya Hesabu na Mtihani wa Kuingilia Chuo Kikuu: Mfano wa Kiembeni, Mombasa

Kiingereza na hisabati huchukuliwa kuwa vipimo viwili mbalimbali vya mwombaji wa chuo kikuu. Makala haya yanashikilia kwamba kwa mtahiniwa wa Kiembeni, katika bara ya Kisauni, vipimo hivyo vimekuwa kimoja, nacho ni cha lugha.

Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, njia ya kuifikia ilipitia Cheti cha Cambridge. Baadaye ikaja mitihani ya Afrika Mashariki, kisha ya Kenya, na KCSE mwaka 1989. Majina yalibadilika, lugha ya karatasi ya hisabati haikubadilika.

Yafaa ikumbukwe kwamba hesabu haikuwa ngeni pwani. Mwanachuoni wa mirathi aligawa mali kwa nusu, robo, thumuni, thuluthi na sudusi. Mume afiwapo na mke asiyeacha mtoto hurithi nusu. Akiwapo mtoto, robo. Hizo ni akisami zenye istilahi kamili. Hata hivyo, kijana aliyelelewa katika istilahi hizo hana budi kulifasiri swali kwanza, ndipo alikokotoe. Akikosea kufasiri, huhukumiwa kuwa hajui hesabu.

Tangu 2023 Kiswahili chaweza kushika nafasi ya Kiingereza katika kukadiria alama ya jumla ya KCSE. Hatua hiyo ni njema, lakini swali la hisabati lingali laulizwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kazi ya kuunda istilahi za hisabati, na kuzitumia mtihanini, ni suala la haki kabla ya kuwa suala la msamiati.