Mifupa Iliyorudi Guangdong

Katika miaka ya 1870, mwanasiasa wa California aliyewinda kura za wafanyakazi weupe alikuwa na hoja iliyo tayari mkononi: Mchina ni mpita njia. Huja bila mke, huchuma, hutuma fedha kwao, na hata akifa mifupa yake hupakiwa melini kurudi China. Mtu asiyekubali hata kuzikwa hapa atakuwaje raia wa hapa? Maneno ya namna hiyo yalisaidia kupitisha sheria ya 1882 iliyowafungia vibarua wa Kichina mlango wa Marekani, na hadi leo wapo wanaoyarudia kwa lugha ya upole zaidi, wakisema kwamba utamaduni wa Kichina humfunga mtu na kijiji cha mababu popote aendapo. Kwa maoni yangu hoja hiyo imesimama kichwa chini, miguu juu. Kurudi kulikuwa mila, ndiyo, lakini ni sheria za nchi iliyowapokea zilizoifanya mila hiyo kuwa mhimili wa jamii nzima.

Habari ya mifupa yenyewe ilikuwa kweli. Wachina wengi wa California walitoka wilaya nne za mkoa wa Guangdong, hasa Xinning, ambayo sasa inaitwa Taishan. Kwao, marehemu asiye na mtoto wa kulihudumia kaburi lake alihofiwa kugeuka mzimu wenye njaa. Basi vyama vya watu wa wilaya moja, vilivyoundwa San Francisco tangu miaka ya 1850, vilikusanya michango ya kuwarudisha wafu. Baada ya miaka kadhaa kaburi lilifukuliwa, mifupa ikasafishwa na kufungwa ndani ya sanduku lenye jina la mtu na la kijiji chake. Meli iliishusha Hong Kong, na huko hospitali ya Tung Wah, iliyoanzishwa 1870, ikasimamia safari iliyobaki. Wachina wa nchi nyingine walifanya vivyo hivyo: mwaka 1902 meli ya Ventnor ilizama karibu na pwani ya New Zealand ikiwa na mabaki ya watu 499, wengi wao wachimbaji wa dhahabu. Msomaji anayekijua chama cha kufa na kuzikana hatashangaa kwamba hata kibarua maskini alitoa mchango wake.

Ila mila peke yake haielezi kwa nini California iligeuka jamii ya wanaume waliosubiri kurudi. Tazama Hawaii kabla haijatwaliwa na Marekani mwaka 1898. Wachina wake wengi walitoka Xiangshan, wilaya nyingine ya Guangdong isiyo mbali na zile nne, na waliheshimu mababu kwa ibada zile zile. Lakini katika ufalme wa Hawaii Mchina aliweza kuoa mwanamke wa Kihawaii, na kwa miaka mingi aliweza hata kupewa uraia. Wengi walioa na kuzaa. Manila, ambako Mchina aliyebatizwa aliruhusiwa kuoa, kulizaliwa tabaka la machotara lililoshika biashara na kutoa wasomi. José Rizal mwenyewe, shujaa wa Ufilipino, alikuwa kizazi cha mhamiaji wa Kichina. Ng'ambo ya pili, California, uraia wa kuomba ulikuwa wa weupe tangu sheria ya 1790, Waafrika wakaongezwa mwaka 1870, Wachina wakaachwa. Sheria ya 1875 ilidai kuzuia makahaba, lakini kwa jinsi ilivyotekelezwa iliwazuia wanawake wa Kichina kwa jumla. Jimbo nalo likapiga marufuku ndoa kati yao na weupe. Sensa ya 1890 ilikuta Wachina zaidi ya 107,000 nchini Marekani, na wanawake hawakufika 4,000. Mwanamume aliyekatazwa kumleta mke, kuoa alipo na kuwa raia, akalaumiwa kwa kutojenga nyumba!

Atakayenipinga atasema masanduku ya mifupa yalianza kuvuka bahari katika miaka ya 1850, muda mrefu kabla ya 1882. Ni kweli, nami sidai kwamba sheria ndiyo iliyozaa mila. Lakini ubaguzi haukungoja 1882. Kodi ya wachimbaji wageni ya 1852 iliwaangukia wao hasa, na mwaka 1854 mahakama kuu ya California iliamua kwamba ushahidi wa Mchina haufai dhidi ya mtu mweupe. Zaidi ya hayo, karibu kila aliyefuata dhahabu, awe ametoka Chile au New York, alikusudia kurudi kwao akiwa tajiri. Waitalia walioingia Marekani baadaye walirudi kwao kwa malaki, na wao pia waliitwa ndege wapitao, lakini aliyebadili nia na kubaki alikuta mlango wa uraia uko wazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linagusa vyama vyenyewe. Muungano wa vyama vya wilaya uliojulikana kama Kampuni Sita ulipatana na makampuni ya meli kwamba Mchina asiuziwe tiketi ya kurudi bila cheti cha kuonyesha hana deni. Hapo udugu una meno. Kurudi kulikuwa pia biashara: maduka ya Hong Kong yaliyohudumia California yalipokea hawala na barua, yakauza samaki wakavu na mchele, yakachukua faida kila hatua. Hata Chin Gee Hee, aliyetajirika Seattle kwa kuwatafutia wenzake kazi, alirudi Xinning na kuanza kujenga reli mwaka 1906 kwa mitaji ya ughaibuni. Siwatetei wakubwa hawa. Naona tu kwamba nguvu yao ilitokana na mlango uliofungwa: mtu ambaye mahakama haimsikilizi atapeleka shauri lake kwa wazee wa chama, na atalipa wanachodai.

Wapo wanaosema kilichokata desturi ya kurudi ni mapinduzi ya China ya 1949 na vikwazo vya Marekani vilivyofuata. Kwa masanduku ya mifupa hilo lina ukweli mwingi, kwa sababu njia ya kuyafikisha vijijini ilizibika. Kwa walio hai, tarehe hazikubali. Sheria ya kuwazuia Wachina ilifutwa 1943, ingawa kwa nafasi 105 tu kwa mwaka. Mwaka 1946 wake wa raia wenye asili ya Kichina waliruhusiwa kuingia nje ya hesabu hiyo, na katika miaka michache iliyofuata walikuja kwa maelfu. Walipakia mizigo yao Hong Kong wakati njia ya kurudi Guangdong ilikuwa bado wazi.