Jarida Lililosomwa kwa Vidole

Historia ya kompyuta za nyumbani nchini Uingereza husimuliwa kupitia wavumbuzi, na jina la Clive Sinclair halikosekani. Mimi ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu majarida ya enzi hiyo, na ninayemtafuta ni msomaji.

Februari 1978, Angelo Zgorelec, mzaliwa wa Yugoslavia aliyekuwa muuza magazeti London, alitoa toleo la kwanza la Personal Computer World. Jaladani aliweka NASCOM 1, kompyuta ya Kiingereza iliyouzwa vipande vipande kwa bei isiyofika pauni 200. Mnunuzi aliilehemu mwenyewe, akaiunganisha na televisheni ya nyumbani, na kazi yake akairekodi kwenye kaseti ya kawaida.

Akishaiwasha, aifanyie nini? Programu za kununua zilikuwa chache. Ndipo majarida ya namna hii yalipochapisha programu zenyewe, mstari baada ya mstari, nyingi katika lugha ya BASIC. Msomaji alifungua ukurasa kando ya kompyuta akacharaza kila herufi na kila alama. Mabano yakisahauliwa, mashine iligoma, naye akarudi juu kusaka kosa, liwe lake au la mchapaji. ZX81 ya mwaka 1981 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu. Umeme ukikatika kabla ya kurekodi, kazi ya jioni nzima ilipotea.

Naamini shule ilikuwa hapo. Anayesaka kosa hulazimika kuelewa kila mstari unafanya nini, hata kama alichotaka ni mchezo tu.

Baadaye jarida lilipita mikononi mwa Felix Dennis, aliyeliuza kwa kampuni ya VNU mwaka 1982. Kompyuta zikaanza kununuliwa pamoja na programu zilizo tayari, kurasa za kucharaza zikapungua, na kazi ya jarida ikawa kumshauri mtu anunue nini. Lilifungwa mwaka 2009, likiwa na miaka 31.

Mashine zimehifadhiwa katika makumbusho, lakini jasho la waliocharaza halina kabati. Ninalipata katika visanduku vidogo vya masahihisho: mstari fulani wa toleo lililopita ulikosewa, usomeke hivi. Wahariri hawakuligundua kosa hilo peke yao kila mara. Mara nyingi kuna msomaji aliyekesha nalo, kisha akaandika barua.